Anza na Kunguru, Simba Atasubiri

Pita kwenye maduka ya picha ya Dar es Salaam, Arusha, Nairobi au Mji Mkongwe wa Zanzibar, utaikuta picha ileile imetundikwa duka baada ya duka: jua kubwa jekundu linazama, mgunga mmoja mweusi umesimama katikati, twiga wawili wanapita. Wengi wanaoichora hawajawahi kukaa mbele ya twiga hata saa moja. Wameinakili kwa mwenzao, naye aliinakili kwa mwingine. Picha hiyo ina wateja, na kuuza si dhambi. Lakini kijana anayetaka kujifunza kuchora wanyama na mandhari akianzia hapo, atajifunza kufuata mkono wa mtu mwingine, na kutazama hatajifunza kamwe.

Shauri langu kwake, na kwa mtu mzima aliyetamani kuchora tangu shuleni asipate nafasi, ni hili: chora kilicho karibu na kwako, kwa sababu ndicho utakachokiona tena kesho. Ukikosea shingo ya kunguru leo, kesho asubuhi kunguru yuleyule atatua kwenye ukuta uleule na utaiona ilivyo. Simba wa kwenye simu hana msaada huo. Amepigwa picha mara moja, upande mmoja, kwa mwanga mmoja. Yote ambayo picha haikuonyesha utayabuni, na hakuna wa kukuambia kwamba umebuni vibaya.

Waliotutangulia walilijua hili. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame aliyesoma Makerere na baadaye kufundisha hapohapo, alichora migomba, vihamba na kazi za watu wa kwao Kilimanjaro. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo katika hazina ya Museum of Modern Art, New York. Jonathan Kingdon, aliyezaliwa Tabora mwaka 1935 na kufundisha sanaa Makerere, alitoa vitabu vya East African Mammals kati ya 1971 na 1982. Michoro yake ya penseli humwonyesha mnyama akiwa hai, akigeuka na kukimbia, na pia misuli na mifupa iliyo chini ya ngozi. Kila mmoja alichora alichokuwa na nafasi ya kukitazama mara nyingi.

Waorodheshe majirani

Kabla hujanunua chochote, andika orodha ya viumbe na miti iliyo karibu na nyumba yako, mahali unapofika kwa miguu bila nauli. Orodha hiyo itakuwa ndefu kuliko unavyodhani. Mkazi wa Dar es Salaam ana kunguru, mwewe, shorewanda, chozi kwenye maua, mjusi kafiri ukutani, popo kwenye miembe na yangeyange penye ng'ombe au majalala. Wa Nairobi anaye yule korongo mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni, anayejenga kiota juu ya migunga ya kando ya barabara. Mwanza kuna mawe makubwa, pimbi wanaoota jua juu yake, na mijusi ambao dume lao lina kichwa na kifua cha rangi ya waridi na mwili wa buluu. Ukiwa kando ya ziwa, una mdiria na furukombe.

Usiwadharau wanyama wa kufugwa. Kuku wa kienyeji ni mwalimu bora wa ndege wote: yuko karibu, hakuogopi, anachakura, anajikung'uta, anatanua bawa, anakunja mguu mmoja. Mbuzi atakufundisha swala. Mtazame macho uone mboni yake ilivyolala, mstari mnene wa mlalo na si duara. Aliyechora mbuzi vizuri kwa mwezi mzima, siku atakayokutana na swala pala mbugani hatamwona mgeni.

Kisha orodhesha miti. Mwembe, mkungu, mnazi, mwarobaini, mkwaju na mbuyu kila mmoja una umbile lake, na anayetazama huutambua kwa mbali hata majani yasipoonekana. Mbuyu ni mzuri kwa anayeanza, kwani hukaa bila majani muda mrefu wa kiangazi, na matawi yake yote yanaonekana yalivyojigawa. Mwembe ni mgumu zaidi, kwa kuwa majani yamefunika kila kitu na inabidi uuone kama mafungu ya mwanga na kivuli.

Vifaa visikucheleweshe

Kuanza kunahitaji penseli mbili, moja ya HB na nyingine laini zaidi kama 2B au 4B, daftari lisilo na mistari na kifutio. Daftari liwe dogo la kubebeka, lenye jalada gumu la kuandikia juu ya goti. Rangi zitakuja baadaye.

Ukitaka makaa ya kuchorea, yatengeneze mwenyewe. Chukua vijiti vikavu vilivyonyooka, unene wa penseli, uvimenye maganda. Vipange vijae ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, toboa tundu dogo kwenye kifuniko, kisha lizike kopo katikati ya moto. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, liondoe kopo na liache lipoe kabisa kabla ya kulifungua. Ukilifungua likiwa la moto, hewa itaingia na vijiti vitageuka majivu.

Rangi za udongo nazo zipo chini ya miguu yetu. Michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ilichorwa kwa wekundu wa madini ya chuma, na bado tunawaona pofu na twiga wake. Chimba udongo mwekundu chini ya tabaka la juu lenye mizizi, ukaushe, uutwange, uutie kwenye maji mengi na ukoroge. Mchanga utatua kwanza. Maji yenye tope yahamishie chombo kingine. Acha yatulie, mwaga maji safi ya juu, kausha kilichobaki. Huo unga laini ndio rangi. Uchanganye na gundi ya mgunga iliyoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, au na kiini cha yai. Masizi ya sufuria yatakupa weusi, chokaa au udongo mweupe utakupa weupe. Kwa rangi tatu hizo unaweza kuchora mbuzi, mbuyu, mwamba na kuku.

Anayelalamika kwamba hana kanvasi amkumbuke Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru. Alianza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968 kwa rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupakia baiskeli na vyuma, juu ya vipande vya hadibodi vya mafundi ujenzi. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kazi hiyo, na leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Wanyama wake hawakuwa wa kunakili. Aliwatoa kichwani kwake, wakawa wake. Ndiyo maana kumwiga Tingatinga kwa kurudia chui wake si kumfuata Tingatinga.

Tazama kabla ya kuchora

Ukishampata kiumbe wako, kaa dakika 10 bila kugusa penseli. Mtazame anavyobeba uzito wake: mguu upi umesimama kweli na upi umegusa tu chini, shingo inaanzia wapi, mgongo umelala kwa pembe gani. Kisha chora mstari mmoja mrefu wa mgongo tangu kichwa hadi mkia. Juu ya mstari huo weka maumbo makubwa mawili au matatu, yaani kifua, nyonga na kichwa. Viungo vifuate. Jicho, manyoya na kucha viwe vya mwisho. Wanaoanza na jicho huishia kuwa na jicho zuri lililokaa mahali pasipo pake.

Mnyama atahama, usimfukuzie wala usikasirike. Anza mchoro mwingine pembeni ya ule wa kwanza, kwenye ukurasa uleule. Akihama tena, anza wa tatu. Wanyama hurudia mikao yao, na kunguru aliyeinamisha kichwa atakiinamisha tena baada ya muda mfupi. Hapo urudi kwenye mchoro wa kwanza uongeze ulichokosa. Ukurasa wenye michoro sita isiyokamilika ya ndege mmoja una faida kuliko mchoro mmoja uliosafishwa kwa kukisia.

Yapo makosa ambayo karibu kila anayeanza huyafanya, na yote hutibiwa kwa kutazama.

La kwanza ni goti. Watu husema ndege na mbuzi wana goti linalopinda kinyumenyume. Kiungo hicho cha mguu wa nyuma si goti, ni kifundo. Goti lenyewe liko juu zaidi, karibu na tumbo, na kwa ndege limefichwa na manyoya. Ukilielewa hilo, miguu ya kila mnyama utakayemchora itasimama imara.

La pili ni rangi ya kudhania. Mwambie mtu achore kunguru wa Dar es Salaam, atampaka weusi mtupu. Lakini huyu kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, ana shingo na kifua cha kijivu, na weusi wa mabawa yake hung'aa buluu na zambarau jua likimpiga. Yule kunguru wetu wa asili ana kifua cheupe. Vivyo hivyo majani ya mwembe: machanga hutoka na wekundu wa shaba, hayana kijani. Ya mkungu huwa mekundu kabla ya kudondoka.

La tatu ni kumrusha kila ndege kwa namna moja. Yangeyange huruka akiwa ameikunja shingo, kichwa kimerudi mabegani. Korongo wengi huinyoosha mbele, ila yule mwenye upara huikunja. Mwewe huuzungushazungusha mkia wake wenye panda kama usukani wa chombo.

Baadhi ya viumbe hukurahisishia kazi. Mjusi kafiri hutulia karibu na taa usiku, akingoja wadudu. Mchore vidole vyake vipana vya kugandia ukutani, na kumbuka hana kope. Kinyonga huenda polepole, na vidole vyake vimegawanyika mafungu mawili, vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, ili vibane tawi. Mnana dume, yule wa manjano, hufuma kiota kuanzia pete moja ya majani iliyoning'inia kwenye ncha ya kuti au tawi. Ukipita kila siku kwenye mti wake utaweza kuchora kiota tangu pete hadi chumba kamili, pamoja na jike akija kukikagua. Huo ni mfululizo wa picha ambao hakuna aliyekwenda mbugani kwa siku mbili anaweza kuupata.

Pembeni ya kila mchoro andika tarehe, saa, mahali, hali ya hewa na ulichokiona. Baada ya mwaka, daftari hilo litakuambia mkrismasi wa mtaani kwenu ulichanua lini na yangeyange walihamia wapi.

Mandhari na saa zake

Kwetu karibu na ikweta, mwanga una ratiba yake. Kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 3 asubuhi, na tena saa 10 hadi saa 12 jioni, jua linapiga kwa upande. Vivuli ni virefu na kila umbo linajitokeza. Saa 6 mchana jua liko utosini. Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi na tena katika Oktoba, kivuli cha mti adhuhuri hujikusanya chini ya mti wenyewe, na mandhari yote huonekana bapa. Tumia saa hizo kuchora vitu vya kivulini au kupumzika. Jioni nayo isikudanganye. Jua likishazama, baada ya dakika 20 hivi giza limeingia. Anayetaka rangi za magharibi azichanganye mapema, aandike majina ya rangi hizo, kisha amalizie nyumbani.

Chagua mahali pamoja upachore mara nyingi. Kata dirisha dogo la mstatili kwenye kipande cha boksi, ulishike mbele ya jicho na ulisogeze mpaka uone picha ndani yake. Amua kitu kimoja kinachotawala: mti, mwamba, mtumbwi au wingu la masika. Vingine vipungue nguvu. Asiyeamua huishia na picha ambayo jicho halijui likae wapi.

Umbali huonyeshwa kwa rangi kuliko kwa mistari. Simama Morogoro uitazame milima ya Uluguru: miti ya karibu ina kijani kilichokoza na vivuli vyeusi, safu inayofuata imefifia, na ya mwisho imekuwa buluu nyepesi inayokaribiana na anga. Kadiri kitu kinavyokwenda mbali, punguza ukali wake na wekundu wake, na punguza tofauti kati ya mwanga na kivuli. Kijani cha kwenye kopo usikitumie kilivyo. Changanya manjano na buluu, kisha tia wekundu au kahawia kidogo mpaka kikubaliane na mti ulio mbele yako. Mgomba, mwarobaini na nyasi za kiangazi haviwezi kuwa na kijani kimoja.

Mchoraji wa pwani anahitaji pia kalenda ya maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takribani dakika 50. Ukianza picha ya mikoko saa 2 asubuhi maji yakiwa yamekupwa, ukirudi saa ileile baada ya siku nne au tano utakuta mandhari nyingine kabisa. Fuata maji, usifuate saa. Baada ya wiki mbili hivi, kupwa hurudi karibu na saa ileile. Waulize wavuvi siku za bamvua, watakupa jibu bila kufungua kitabu. Maji yakitoka, tazama mizizi: ya mkoko hushuka kutoka kwenye shina ikiwa imepinda, ya mchu husimama kama vijiti vilivyochomoza kwenye tope. Ukiichanganya, mtu wa Rufiji au Lamu atajua kwamba hukufika.

Na usifute nguzo ya umeme. Mandhari ya karibu na nyumbani ina mabati, nyaya, mtaro na mifuko ya plastiki, na mwewe anayekaa juu ya mnara wa simu ni mwewe wa kweli. Ukiondoa kila alama ya binadamu, utakuwa umerudi kwenye picha ya duka la watalii kwa njia nyingine.

Simu, sheria na adabu

Simu ni msaidizi mzuri ikitumika baada ya daftari. Piga picha yako mwenyewe ya kile ulichokwisha kukichora, ili ukumbuke jambo dogo kama mpangilio wa manyoya. Ujue kasoro zake: hugeuza vivuli kuwa weusi mtupu, na ukiisogeza karibu sana hukuza pua na kupunguza mwili. Kuchukua picha ya mtu mtandaoni, kuinakili na kuiuza kama yako ni kuvunja hakimiliki yake. Tanzania, mambo hayo husimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, na wewe pia unaweza kusajili kazi zako huko.

Usisogelee kiota chenye mayai au makinda ili upate picha nzuri. Mzazi akikaa mbali kwa hofu yako, makinda hubaki bila joto na chakula. Usimfunge kinyonga kamba. Usiokote fuvu, pembe wala manyoya ya mwanyamapori ukayatundike nyumbani: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 huyahesabu kuwa nyara, na kuwa nayo bila kibali ni kosa. Chora palepale ulipoyakuta, uyaache.

Kwenye shamba la mtu, piga hodi. Mwambie mwenyewe unachofanya na mwonyeshe daftari; wengi watafurahi na wengine watakuonyesha kiota usichokijua. Epuka kuchora karibu na kambi za jeshi na majengo ya ulinzi. Nendeni wawili au watatu, hasa wasichana, na hasa alfajiri na jioni.

Kazi ikishakamilika

Nyuma ya kila picha andika jina lako, tarehe, mahali, na jina la kiumbe kwa Kiswahili. Karatasi zihifadhi juu, mbali na sakafu, zikitenganishwa na karatasi kavu. Unyevu wa pwani huleta ukungu, na mchwa hawachagui.

Wakati wa kuuza, usiwafikirie watalii peke yao. Shule zinahitaji picha za ndege na miti ya mahali pao. Nyumba za wageni, zahanati na ofisi zina kuta tupu. Kadi na kalenda zenye viumbe wa mtaa mmoja hununuliwa na watu wa mtaa huo, kwa kuwa wanawajua. Bei yako ilipie vifaa na saa zako kwanza, kisha ndipo mazungumzo yaanze. Ukitaka kuonana na wasanii wengine, Nafasi Art Space iliyoko Mikocheni, Dar es Salaam, ina karakana na maonyesho. Nenda na daftari, wala usiende na picha zilizokamilika tu, maana wachoraji wenzako watajifunza mengi zaidi kukuhusu humo daftarini.

Simba hana kosa, na siku ukipata nafasi ya kwenda Mikumi au Nairobi National Park, nenda ukamchore. Utamwona vizuri zaidi kwa sababu jicho lako limeshazoezwa na mbuzi, kuku na kunguru. Kwa sasa, kabla wiki hii haijaisha, nunua daftari, chagua kiumbe mmoja anayefika uani kwenu, umchore kila asubuhi kwa mwezi mmoja. Usimwonyeshe mtu kabla mwezi haujaisha. Ukimaliza, weka mchoro wa kwanza na wa mwisho pamoja, uamue mwenyewe kama uendelee.